Kitenge cha Bluu Kutoka Guangzhou

Sifa zote ni za Mungu, aliyetutoa kambi ya wakimbizi Tanzania akatuweka Buffalo, Marekani, katika nyumba ya mbao yenye joto wakati wa theluji. Namshukuru kwanza, maana nitakayosimulia yana uchungu.

Binti yangu alipochumbiwa na kijana wa Louisville, nilikuwa na ombi moja: mama wa kijana ampokee kama mwanawe. Huko hangekuwa na mama mwingine karibu.

Kwetu upande wa bibi harusi hushona sare, na rangi yake hufichwa mpaka siku yenyewe. Sikutaka vitenge vya maduka ya mtaani kwetu, West Side, ambavyo kila mtu keshavivaa. Nikampigia simu ya video mtoto wa kaka yangu anayeishi Guangzhou, huko Uchina, akiwasaidia wafanyabiashara wa Kiafrika.

"Shangazi, usikubali vitu vya huku chini," alisema akicheka. "Hapa wanauziwa wageni. Vitenge vyenyewe viko juu, nyuma ya wauza mabegi."

Akapanda ghorofa ya juu ya soko, simu mkononi ikinionyesha. Nikaona marobota yamefika darini, na mama mmoja wa Kikongo akimkemea muuzaji Mchina kwa Kilingala, naye Mchina anajibu kwa Kilingala hichohicho. Mtoto wa kaka akanifundisha kuchagua: geuza upande wa nyuma, rangi iwe ileile, finya kitambaa ngumini, uone kama kitabaki na mikunjo. Nikapenda cha bluu chenye ndege weupe.

"Hicho kinatoka sana, shangazi."

Nilidhani anakisifu.

Harusi ilifanyika Columbus, mji ulio kati ya Buffalo na Louisville, ili kila upande usafiri. Tuliingia ukumbini tukiimba, wanawake wote wa Buffalo, bluu tupu. Mama wa kijana alisimama, akashika meza, akakaa tena. Dada yake akanijia.

"Mama, kitambaa hiki mmekipata wapi?"

"Kimetoka Uchina. Kuna nini?"

"Ndicho tulichovaa tukimzika baba wa bwana harusi."

Nyuma yake shangazi wa kijana akasema, bila kushusha sauti, "Wametuletea matanga na ndege wake."

Hatukuwa na nguo nyingine. Tulivaa makoti yetu ya baridi, tukafunga zipu hadi shingoni, tukala pilau huku jasho linatutoka. Ulipofika wakati wa kumkabidhi binti, kiti cha mama wa bwana harusi kilikuwa kitupu. Nilimkabidhi kwa yule shangazi.

Nimempigia mama huyo simu nikamweleza. "Nimeelewa, mama," anasema, kisha anakata. Binti yangu anakaa mitaa michache kutoka kwake, na hajaitwa hata kunywa chai. Namwombea kila asubuhi. Mungu hajachelewa, ila mimi nachoka.

Mtoto wa kaka aliniandikia kutoka Guangzhou: "Shangazi, sare ilipendeza?"

Nikamjibu kwamba ilipendeza.

Nawe unayesoma, Mungu akupe nguo ya furaha ambayo jirani yako hajaivaa msibani. Amina.