Jina Lililosagwa

Mume wangu kazini walimwita Brashi. Kwa miaka thelathini na minne, kila meli iliyotoka gudini, pale bandarini zinapopandishwa nchi kavu zitengenezwe, ilitoka na jina alilolipaka yeye. Mtu atakwambia walikuwepo wachoraji wengine. Walikuwepo. Walipaka kuta.

Kwa asiyejua, meli ikiuzwa hupewa jina jingine. Fundi husaga la zamani kwa mashine mpaka bamba liwe laini, kisha huchomelea jipya, herufi za chuma zilizoinuka kama kovu. Mchoraji hufuata kovu lile kwa rangi.

Kovu ndilo lililotuokoa, maana macho ya mume wangu yalikuwa yamekwisha. Nilijua mimi tu. Nilimtangulia na ndoo hadi gudini, namsomea karatasi ya ofisi herufi moja moja, ninavyojua mimi, naye anapanda jukwaa la kamba. Kidole cha kushoto kinatangulia, brashi inafuata. Msimamizi angejua, angemtoa siku hiyo hiyo, na mume wangu bila kazi ile ni koti bila mtu.

Siku moja ikaletwa meli kuukuu ya mizigo. Jina jipya: Shangwe. Nikamsomea, akapanda, na kabla ya saa sita mchana akashuka akijifuta mikono.

"Shangwe hiyo," akasema. "Itazameni mshibe."

Hakuna aliyecheka. Nikainua macho. Herufi za chuma za Shangwe zilikuwa pale pale, na rangi imekatiza juu yake kana kwamba hazipo. Limeandikwa jina jingine, kwa mkono mzuri kuliko siku zote. Jina hilo sitaliandika hapa, na msinibembeleze.

Fundi wa kuchomelea, tuliyemwita Cheche, akavua miwani yake ya kazi. "Brashi, jina hilo nani kakwambia?"

"Si karatasi yenu?"

"Karatasi gani! Hilo nimelisaga jana kwa mkono huu. Meli ilipoitwa hivyo ilitoka na watu kumi na tisa. Ikarudi inavutwa kwa kamba, haina mtu hata mmoja. Walioikuta walisema sufuria jikoni zilikuwa bado za moto."

Msimamizi akamsogelea mume wangu. "Brashi, pale juu pameandikwa nini?"

"Shangwe. Niseme mara ngapi?"

Msimamizi akapitisha kiganja mbele ya macho ya mume wangu, mara mbili. Hayakupepesa.

"Tangu lini, mzee wangu?" akauliza msimamizi, taratibu kabisa. Afadhali angefoka.

Mume wangu akainamisha kichwa. Mimi sijaumbwa hivyo.

"Tangu lini nini? Kazi imeharibika siku moja. Nipe brashi."

"Mama, kule ni juu," akasema msimamizi.

"Na mimi nina miguu."

"Ataanguka huyu atutie matatani," akasema Cheche.

"Nikianguka nitakuangukia wewe, baba, upate faida ya tumbo lako."

Nikapanda. Nikafuta jina lile kwa kitambaa na mafuta ya taa. Likatoka lote, bamba kati ya herufi za Shangwe likabaki linang'aa, laini kwa macho. Nikapitisha kidole. Kidole kikapanda, kikashuka. Kikapanda tena. Jua la mchana lilikuwa limechoma ubavu wote wa meli, mkono hauwekeki, lakini mstari ule ulikuwa baridi kama maji ya mtungi, na ulifuata jina lile la zamani herufi kwa herufi, chini ya Shangwe. Ukatetemeka kidogo, kama koo la mtu anayetaka kusema.

Sikupiga kelele. Ningepiga, wangesema mke naye hafai. Nikachovya brashi nikapaka Shangwe, herufi zote, ulimi nimeuuma kwa meno, na kidole sikukirudisha.

Niliposhuka Cheche akaninong'oneza, "Umekuta kitu?"

"Nimekuta umesaga vibaya."

Akapanda mwenyewe, akapapasa bamba kwa viganja viwili. Akashuka akasema ni laini kama sahani. Lakini kwenye meli ile hakufanya kazi tena.

Kesho yake msimamizi akaja nyumbani na karatasi ya meli nyingine. Mume wangu alinyoosha mkono kuelekea sauti. Karatasi ikawekwa kwenye mkono wangu.

"Wamekupa wewe?" akaniuliza mlango ulipofungwa.

"Wamenipa."

"Umepaka vizuri?"

"Si kama wewe."

Akaridhika, au alisema ameridhika. Tangu hapo anashinda mezani. Kidole cha kushoto kinatembea juu ya mbao, polepole, kinapanda na kushuka mahali ambapo mimi naona meza tu. Mwanzo nilidhani anakumbuka kazi. Juzi nikamuuliza anaandika nini.

"Siandiki," akasema. "Wanajitaja. Wako kumi na tisa."

Nikamwambia basi wajitaje polepole nami niwafuate, kusoma kwangu ni kwa shida. Nikachukua ndoo nikaenda gudini.