Fyuzi ya Nyuzi Tisa

Kama ulikulia Nakuru enzi zetu, na hasa kama ulikulia Free Area kabla mashamba ya mahindi hayajageuka kuwa ploti, unakumbuka ile kelele ya mtaa mzima stima iliporudi na taa kuwaka. Kuanzia nyumba za kando ya barabara kuu hadi kule chini, wakubwa kwa wadogo, sote tulipaaza sauti kwamba imerudi. Hata majirani ambao hawakuwa na stima walipiga kelele pamoja nasi. Wajukuu zangu wa siku hizi stima ikipotea hawainui hata kichwa, isipokuwa kuuliza wifi imeenda wapi. Huwa nawaonea huruma kidogo.

Nyumba yetu ilikuwa ya mawe, vyumba vitatu, na Baba aliijenga polepole kwa miaka mingi. Alizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, maana babu alitoka Kimilili kuja kufanya kazi ya reli, na Baba mwenyewe akawa fundi wa karakana. Juu ya mlango wa jikoni alipigilia kisanduku cheusi cha fyuzi, chenye vishikio vyeupe vya kauri vilivyopangwa kama meno. Mtaa ulimjua kwa hicho kisanduku. Wake za watu walikuja Jumapili baada ya kanisa, bado wamevaa vitambaa vya kichwa, wakisimama mlangoni: "Baba Nekesa, stima yetu imeruka." Baba alichomeka bisibisi mfukoni, mimi nikabeba tochi, tukaenda. Malipo yake yalikuwa chai ya maziwa na mandazi, na mandazi nilikula mimi.

Kwa asiyezijua fyuzi za zamani, niseme tu kwamba ndani ya kile kishikio cha kauri ulipita uzi mmoja mwembamba wa waya. Stima ikizidi, uzi unakatika, nyumba inazima, na waya zilizo darini zinapona. Kazi yake ilikuwa kukatika. Baba alinifundisha kuufunga nikiwa na miaka tisa, nimesimama juu ya kiti, meni swichi imezimwa. "Uzi moja, Nekesa," alikuwa akisema. "Ukiweka mbili, hiyo si fyuzi tena. Hiyo ni kamba."

Lakini mtaa ulikuwa na elimu yake. Pale kwetu fyuzi iliyokatika ilihesabiwa kuwa mgonjwa, na mgonjwa hupewa nguvu. Ndivyo watu walivyosema, kuipa fyuzi nguvu. Wengine walitia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Jirani yetu Mzee Barasa alitia msumari wa inchi tatu, na alijisifu kila alipopata wa kumsikiliza kwamba tangu ahamie pale nyumba yake haijawahi kuzima. "Baba yako anaweka uzi ya kushonea nguo," aliniambia siku moja huku akicheka. "Hiyo yenu ni dhaifu. Ipeni nguvu." Sisi watoto tulimwamini. Nyumba isiyozima ilikuwa nyumba ya mtu hodari, na mimi niliona aibu kwamba ya fundi ndiyo iliyozima kila wiki.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Ilikuwa Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, Mama ameenda sokoni na Baba yuko zamu. Mdogo wangu Nafula, wa miaka sita, alikuwa na homa, amelala chumbani akijifunika mablanketi mawili. Alikuwa mtoto wa maneno mengi, na hata katika homa aliniita kila mara aniambie ameota nini. Nilikuwa nimeachiwa kazi tatu: nipige pasi yunifomu zetu, maana Jumatatu mwalimu wa zamu alikagua kola mtu mmoja mmoja; nichemshe maharagwe kwenye koka ya stima; na nimpashie Nafula maji ya kuoga kwa koili, ile inayotumbukizwa ndani ya ndoo. Nje, kwenye lile vumbi letu jeupe, wasichana walikuwa wanacheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira. Nilisikia mpira wa nailoni ukimgonga mtu, na kicheko, na jina langu likiitwa.

Kwa sababu ya hiyo kati niliwasha vyote vitatu kwa pamoja. Nyumba ikazima. Nilipanda kiti, nikafunga uzi mmoja kama nilivyofundishwa, nikashuka. Ikazima tena. Basi nikamkumbuka Mzee Barasa. Nilichukua kipande cha waya wa redio iliyokufa, nikauchuna kwa meno, nikahesabu nyuzi tisa. Nilizigawa tatu tatu, nikazisuka vile vile nilivyozisuka nywele za Nafula kila Jumapili, nikakaza kwenye kishikio. Stima ikarudi, na haikuzima tena. Nilisimama juu ya kile kiti nikijiona fundi kuliko Baba. Nilimaliza kupiga pasi, nikaacha koka na koili zikiendelea, nikamchungulia Nafula akiwa amelala, nikaenda kucheza.

Waya za darini ziliunguza mbao polepole, bila mtu kujua. Dari ya chumba cha kulala ilikuwa ya sofbodi, zile mbao laini kama karatasi, na sofbodi haina ubishi na moto. Aliyeona moshi kwanza ni mama mmoja wa ng'ambo ya barabara. Wanaume walivunja dirisha, walipita na blanketi zilizoloweshwa, wakamtoa Nafula. Moto wenyewe haukumfikia. Hospitali walisema ni moshi. Tulimzika Kimilili, kwenye shamba la babu, na mvua ilinyesha mfululizo hata kaburi likachimbwa mara mbili.

Kabla ya mazishi, jioni ile ile Baba aliporudi kutoka hospitali, alipanda kiti akavuta kishikio. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Aliutazama ule msuko kwa muda. Baba hakujua kusuka, na Mama hakuwa amewahi kugusa fyuzi maishani mwake. Aliuchomoa, akauweka katika mfuko wa koti, akanishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba. "Ukiulizwa," alisema, "ulikuta iko hivyo. Hii kitu ni yangu. Usiibebe wewe." Kisha akaenda ndani akamwambia Mama kwamba yeye ndiye aliyetia waya nene asubuhi ile kabla ya kwenda kazini, kwa kuchoka kuzifunga kila siku.

Mama alimwambia maneno manne tu, "Wewe na fyuzi zako," na hakumwambia mengine. Namaanisha hivyo hasa. Kuanzia siku hiyo alizungumza naye kupitia kwangu. Baba akiwa ameketi hapo hapo kwenye kochi, Mama angesema, "Nekesa, mwambie baba yako chai iko mezani." Nami nilisema, "Baba, chai iko mezani," na Baba aliitikia, "Sawa, mwambie asante." Nilipoenda shule ya bweni, hapakuwa tena na wa kubeba ujumbe, na chai ikawa inawekwa tu mpaka inapoa. Baba alitengeneza dari upya, lakini hakugusa fyuzi tena. Ikikatika aliita fundi, yeye aliyekuwa akiitwa na mtaa mzima. Watu walidhani amezeeka.

Baba alikufa miaka sita iliyopita. Aliomba azikwe Kimilili, kaburi lake liguse la Nafula. Mama alihudhuria akiwa amesimama karibu na lango, akarudi Nakuru siku hiyo hiyo. Katika gari alitutangazia mimi na watoto wangu kwamba yeye akifa azikwe makaburi ya hapa mjini, peke yake, kwa sababu hataki kulala ardhi moja na mtu aliyemuulia mtoto. Tulipomuuliza, na Nafula je, alisema Nafula ataelewa. Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Nilikuwa mwanamke mzima mwenye watoto wakubwa, na bado nilitazama nje ya dirisha mpaka tukafika nyumbani.

Kile kisanduku cheusi Mama alikataa kisiguswe. Alikiweka kama ushahidi. Wageni walioketi mezani aliwaonyesha kwa kidevu, "Hiyo ndiyo ilinimalizia mtoto," halafu akaendelea kumimina chai. Lakini mwaka huu kilianza kunuka plastiki inayoungua, na taa zilififia kila friji ilipowaka. Vitukuu vyake huja likizo na hulala chumba kile kile. Kwa ajili yao alikubali hatimaye nimlete fundi.

Fundi alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, Chebet, kutoka Njoro, mwenye suruali ya mifuko mingi na mikono isiyo na haraka. Alifungua kifuniko akatikisa kichwa. "Mathe, hii kitu ni ya makumbusho," alimwambia Mama. "Na hizi waya zote zimekauka, ziko brittle, ukigusa zinavunjika. Nyinyi mmekuwa mkiomba sana." Alizima stima kutoka kwenye mita ya nje, akang'oa kisanduku, akavuta waya mpya, akapigilia kisanduku kipya cheupe chenye swichi ndogo ndogo za kujizima zenyewe. Kazi ilichukua siku nzima. Mama alihamisha kiti chake akaketi karibu na mlango wa jikoni akimtazama, kama mtu anayesimamia kufukuliwa kwa kaburi.

Alipomaliza, Chebet aliwasha jiko, birika na pasi kwa pamoja ili atuonyeshe. Swichi moja ikaanguka, tak, jikoni kukazima. Aliipandisha kwa kidole kimoja.

Mama aliuliza, "Ingekuwa hii wakati ule, na mtu aweke waya mbaya?"

"Hapa hakuna waya ya kuweka, mathe. Inajizima tu. Ungekasirika kidogo, ungeniita."

Chebet alitoka nje kuangalia waya wa ardhini. Mama alibaki ameitazama ile swichi. "Baba yako angengoja tu," alisema. "Angekuwa na subira ya uzi moja, yule mtoto angekuwa na wajukuu saa hii."

Nikamwambia. Nilimwambia nikiwa nimesimama, mikono juu ya meza, nikaanza na kati na kola na Mzee Barasa kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kuanza na nyuzi tisa. Nilipofika kwenye msuko alifumba macho. Nilipofika kwenye maneno ya Baba nyuma ya nyumba aliyafumbua.

"Kwa hivyo alijua."

"Alijua, Mama. Ndiye aliniambia nisiseme."

Chebet alirudi, akabandika vikaratasi chini ya swichi, taa hapa, jiko hapa, akaona nyuso zetu, akaaga haraka. Tuliketi. Nje watoto wa ploti ya jirani walikuwa kimya, kila mmoja na simu yake, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba stima ya kwetu ilikuwa imeenda na kurudi mara mbili siku hiyo. Nilifikiri jinsi mambo yalivyo mepesi kwao. Kosa likitokea katika nyumba zao, kitu kidogo kinaanguka, wanajua papo hapo, wanakipandisha wanaendelea kuishi. Sisi tulifundishwa kwamba nyumba nzuri ni ile isiyozima, na kwetu hapakuzima kwa zaidi ya miaka thelathini, Mama huku, Baba kule, na mimi katikati nikibeba habari za chai. Ningetoa kila nilicho nacho nirudishiwe jioni moja ya miaka ile, niiharibu kwa ukweli.

"Wewe ulikuwa mtoto," Mama alisema. "Na sijasema nimekusamehe, usikimbie hapo. Hiyo nitaiangalia." Alipangusa meza iliyokuwa safi. "Lakini yule mzee amekunywa chai baridi kwa nyumba yangu mpaka akakufa."

Alikikunja kitambaa cha kupangusia.

"Mkinipeleka, mnipeleke Kimilili. Mniweke katikati yao."

Ilinibidi nimwambie na hilo pia. "Katikati hakuna nafasi, Mama. Makaburi yamegusana. Ni upande wa Nafula ama upande wa Baba."

Aliinuka akashika ukuta, akasimama hapo akipumua. Nilijua angesema nini. Alikuwa amemlilia Nafula kila mwaka tangu siku ile.

"Basi mniweke upande wa mzee," alisema, akaingia chumbani akafunga mlango.