Miaka Aliyojiongezea Jipar

Mimi muuzaji anayejisifia uso wake simwamini. Ukiuza zabibu, mteja ataonja. Ukiuza soksi, atazivuta aone kama zinarudi. Lakini ukiuza seramu ya kuondoa makunyanzi, mteja ataonja nini? Atakutazama wewe usoni, basi, naye hajui uso wako ulikuwaje jana. Ndivyo nilivyomfikiria Jipar siku alipofungua meza yake kando ya yangu katika soko la Tokmok, akapanga vichupa vyake vya Kikorea kwa mistari, akaanza kuwaita wapita njia.

"Mama, karibu! Som mia tatu na hamsini tu! Nitazame mimi, nina miaka hamsini na tisa!"

Watu wakasimama. Hamsini na tisa? Mashavu yamejaa, ngozi imenyooka, mikunjo miwili mitatu tu pembeni mwa macho? Mimi mwenyewe nilikuwa na hamsini na tisa, na kukaa miaka ishirini na mbili nyuma ya meza ya aprikoti kavu, jua langu, upepo wangu, theluji yangu, kumeniacha na uso ambao nikiuona kwenye kioo humkumbuka bibi yangu. Nikamtazama Jipar, nikajisemea: huyu mwongo.

"Mwaka wako mnyama gani?" nikamuuliza.

Kwetu hilo ndilo swali. Umri mtu anaweza kuupunguza apendavyo, lakini kila mwaka una mnyama wake, nao ni kumi na wawili, wanapokezana zamu, na kila bibi wa Tokmok anaweza kukupigia hesabu kabla hujafunga mdomo. Waongo wengi nimewanasa hapo.

"Farasi," akajibu bila kupepesa.

Nikahesabu kwa vidole chini ya meza. Hamsini na tisa, Farasi, sawasawa. Hata mimi ni Farasi.

"Kumbe rika moja!" Jipar akacheka, akanipiga begani. "Shoga yangu! Sasa Zuura, mbona umejiachia hivyo? Nani kakufia?"

Watu wa rika moja kwetu wana ruhusa ya kutaniana mpaka ukingoni mwa matusi, na wa kukasirika ndiye anayechekwa. Jipar aliitumia ruhusa hiyo bila huruma. Mteja akisitasita, alimgeuza kidogo kwa bega amwelekeze kwangu. "Mnamwona yule? Tumezaliwa mwaka mmoja. Yeye anapaka mafuta ya kondoo, mimi napaka hii. Chagueni wenyewe." Wakachagua. Nilikuwa tangazo lake la bure, nimekaa pale kutwa nzima, na kadiri nilivyonuna ndivyo alivyouza.

Utani ningeuvumilia. Kilichonichoma ni hiki: kama si rika langu, basi ni mdogo wangu, na mdogo wangu hana ruhusa hata ya kuniita jina langu tupu. Angepaswa kuniita dada na kunimiminia chai.

Basi nikaanza kumchimba. Siku moja tukiwa tunakunywa chai nikasema, kama mtu anayejikumbukia tu, "Unakumbuka lile sanamu la dubu wa Olimpiki ya Moscow, lilivyopaa na maputo yake kwenye televisheni? Nililia mimi siku ile!" Rika langu tulikuwa na miaka kumi na minne, na msichana wa umri huo hawezi kusahau kitu kama kile.

"Kwetu tulikuwa na ng'ombe wanne, shoga, na televisheni hakuna," akajibu huku akipuliza chai.

"Na viazisukari? Mlianza kupelekwa na shule kuvuna mkiwa darasa la ngapi?"

"Nani alihesabu darasa? Mgongo uliuma miaka yote."

Alikuwa mjanja, haki yake nampa. Na dawa yake pia sikuiacha. Nilinunua chupa ya aina ileile upande wa pili wa soko, nisimpe faida ya kuniona, nikapaka asubuhi na jioni miezi mitatu. Nitasema kweli kwa sababu sina wa kumwogopa: ngozi ililainika. Ilikuwa inaparuza, ikaacha. Makunyanzi yenyewe yalibaki palepale nilipoyaacha. Ukiloweka aprikoti kavu inajaa na kung'aa, lakini ianike tena juani uone. Mwenye duka la dawa nilipomuuliza, alinitazama akasema ningevaa kofia pana tangu ujana ningeokoa kingi zaidi, na kofia ni som mia mbili. Sikumshukuru.

Kwa hiyo kama dawa ilinifanyia hivyo tu mimi, yeye ilimfanyiaje miujiza?

Jibu nililipata mwezi wa tatu, siku ya upepo. Turubai letu la juu lilichomoka upande mmoja, vichupa vikaanza kuporomoka, na Jipar akapiga kelele, "Dada Zuura! Dada, shika kamba!"

Dada. Tulipokwisha kulifunga turubai aliniita shoga tena, kwa sauti kubwa kuliko siku zote. Mtu akishtuka ulimi hurudi kwao. Nikakaa nyuma ya aprikoti zangu nikahesabu upya, na safari hii nikazungusha wanyama mpaka mwisho: baada ya miaka kumi na miwili Farasi anarudi. Hakujiongezea miaka kumi, wala kumi na tano. Alijiongezea mzunguko mzima ili mnyama asibadilike. Alikuwa na arobaini na saba. Wanawake wa dunia nzima wanapunguza, yeye kaongeza! Nilimchukia, na palepale nikamvulia kofia.

Nikapanga kumuumbua Jumapili, soko likifurika. Ila kabla ya Jumapili hiyo akaja Toktosun, nami nikaahirisha nione mwisho wake.

Toktosun ni mnoa visu wa wachinjaji, mtu wa miaka sitini na miwili, mpole, aliyefiwa na mkewe miaka minne iliyopita. Alianza kusimama mezani kwa Jipar saa za mchana na sambusa za moto kwenye karatasi, moja ya kwake moja ya Jipar. Kuzungumza hawakuzungumza sana. Nikadhani anafuata uso, kama wote. Nikatega sikio, sikusikia hata neno moja la uso. Alimuuliza kama amekula, kama chumba chake kina joto, kama kuni zimefika.

Hapo ndipo nilipoyajua maisha ya Jipar kipandekipande, kwa kusikiliza maneno yasiyonihusu. Mume alikwenda Urusi kutafuta kazi, akatuma pesa miaka miwili, kisha akatuma salamu kwamba ana mke mwingine. Mtoto wa kiume akakua, akamfuata baba. Jipar alipiga deki korido za hospitali miaka tisa, akapanga chumba nyuma ya kinu cha unga, akakusanya kidogokidogo mpaka akanunua sanduku la kwanza la vichupa. Wiki mbili za mwanzo, mahali pengine, hakuuza hata kimoja. Ya tatu, hilo nikajimalizia mwenyewe, akajiongezea miaka.

Toktosun akataka kumwoa. Watoto wake wakubwa wakasema sawa baba, oa, lakini uoe mama wa rika lako, tusije tukaletewa kijana anayesubiri nyumba. Wakasikia hamsini na tisa, wakaridhika. Yaani uongo wa kuuzia vichupa ulikuwa sasa ndio unamfungulia mlango wa nyumba yenye mtu ndani. Angesema kweli, ungefungwa.

"Jumamosi wanakuja kunivisha hereni za uchumba," Jipar aliniambia huku akifuta chupa ambayo haikuwa na vumbi. "Mimi sina ndugu hapa. Uje ukae upande wangu, Zuura."

Nikamkazia macho. Alijua kwamba najua? Nikasema nitakuja, na sababu yangu sitaificha: nilikwenda nione akinaswa.

Chumba chake kilikuwa kidogo lakini kimesuguliwa. Maandazi kitambaani, nyama ya kondoo, asali, mkate. Toktosun, kama ilivyo desturi, alibaki uani na jiko la chai, mlango ukiwa wazi. Ndani aliingia dada yake, Bibi Uulkan, mwenye miaka sabini na minne, pamoja na mashemeji wake wawili wa kike. Hereni zilikuwa zimefungwa ndani ya kitambaa cheupe. Hereni hizo zikishaingia masikioni, neno limekwisha, hakuna wa kulirudisha.

"Mashallah," shemeji mmoja akasema. "Hamsini na tisa! Mimi ningesema arobaini na tano."

"Dawa hiyo mimi nitachukua," mwenzake akasema.

"Sogea dirishani, mwanangu, nione tundu," Uulkan akasema, akazisukuma nywele za Jipar nyuma ya sikio, akashika hereni ya kwanza. Kisha mkono ukasimama.

"Shingo nayo unaipaka?"

"Naipaka, mama."

"Na huku nyuma ya masikio?"

Jipar akazirudisha nywele juu ya sikio.

"Mimi nimeosha maiti za wanawake wa mji huu miaka thelathini," Uulkan akasema taratibu. "Uso mtu anaweza kuutengeneza. Huku nyuma hakuna anayekumbuka kutengeneza. Hii si shingo ya bibi." Akanigeukia mimi. "Wewe mwenye aprikoti. Umekaa naye mwaka mzima, na sijasikia unasifiwa kwa kuficha neno. Huyu ni rika lako kweli?"

Nililokuwa nikilitafuta mwaka mzima nimeletewa kwenye sinia. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi ndiye niliyekuwa mwisho wa njia. Nikamtazama Jipar ili nifaidi vizuri. Hakunitazama. Aliitazama ile hereni vidoleni mwa bibi kizee, na mikono yake miwili ilikuwa imeng'ang'ania pindo la kitambaa cha meza mpaka vikombe vinacheza.

"Rika langu, mama," nikasema. "Siku dubu la Olimpiki lilipopaa tulilia pamoja."

Sijui neno lile lilitoka wapi. Uulkan alinipima kwa macho, akainua hereni tena. Jipar akamshika mkono.

"Usitie, mama. Dada Zuura anadanganya kwa ajili yangu. Mimi ni Farasi wa mzunguko unaofuata. Nina arobaini na saba."

Ningeweza kumzaba kofi! Uongo wangu wa kwanza tangu nishike mizani ya soko, na huyu ananiumbua mbele ya wageni!

Mashemeji wakamwinamia Jipar, wakamtazama upya, safari hii bila mashallah.

"Arobaini na saba? Aa. Basi ni wa kawaida tu."

"Hata amechoka kidogo, maskini. Tazama hapa chini ya macho."

Uso ulikuwa uleule. Hakuna aliyeugusa.

"Kwa hiyo hiyo dawa yako?" Uulkan akauliza.

"Inalainisha, mama. Haifuti. Nikiwaambia hivyo, nani atanunua?"

Bibi kizee akaanza kuzifunga hereni kwenye kitambaa, kona moja, kona ya pili. "Dawa si neno. Neno ni hili: mwanamke wa arobaini na saba anatafuta nini kwa mzee mwenye nyumba?"

"Ananiuliza kama nimekula," Jipar akasema. "Nimekaa miaka kumi na moja sijaulizwa na mtu."

"Hayo ni maneno."

"Ndiyo, mama. Na mimi nimeshawadanganya, sina la kuwafanya mniamini. Chukueni hereni zenu."

Toktosun alikuwa amesimama mlangoni, mikono ya shati imelowa maji ya jiko la chai. Sijui alisimama hapo tangu lini. Dada yake akamwona.

"Umesikia? Miaka kumi na mitano inawatenga! Wanao watasema nini? Umefikiri mbele? Huyu ndiye atakayekuzika wewe!"

"Kunidanganya amenidanganya," Toktosun akasema. "Hilo tutaelewana wenyewe, mimi na yeye." Akajifuta mikono kwenye suruali, akamtazama Jipar, akamrudia dada yake. "Lakini anizike. Mimi nimeshazika, dada. Sitaki kuzika tena."

Uulkan ndiye aliyemwosha mke wa Toktosun alipokufa. Alikaa na kitambaa mapajani, kisha akaanza kufungua zile kona. Hereni ya kwanza ikaingia kwa shida, Jipar akasema aa kwa maumivu, na mimi, nisiyemwamini mtu, nikalia kwa sauti.