Mpaka Nilioupiga Ndani ya Kompyuta ya Sista Nyambeki

Sista Bilhah Nyambeki alitoka Kisii akiwa msichana, akaja kuwa mkunga katika zahanati ya kanisa letu, juu kidogo ya Kericho, na hakuondoka tena. Kipsigis chake kilikuwa kibovu na hakujali. Ukizaliwa huku kwetu miaka ile, mikono yake ndiyo iliyokupokea, na tarehe yako aliiandika daftarini kabla hajanywa hata chai.

Lakini unyevu wa huku hauachi karatasi. Madaftari yalipoanza kuota ukungu, kanisa likatuletea kompyuta, naye akakaa miaka miwili akiyanakili kwa vidole viwili, watoto elfu tatu na zaidi. Madaftari yaliyooza akayachoma. Waliotaka kitambulisho au kusajiliwa kwa mtihani walikuja kwake kuuliza walizaliwa lini.

Mimi, Kiplangat, nilikuwa karani wa zahanati. Kabla ya hapo nilimshikia mpima ardhi mnyororo miaka sita, na majivuno niliyotoka nayo kule yangetosha watu watatu. Mwaka wa 1998 binamu yangu aliyekuwa chuo kikuu Nairobi akanitumia sidii ya Linux, mfumo mpya wa kuendeshea kompyuta, na barua kwamba hiyo ndiyo dawa ya kompyuta yetu iliyokuwa ikikwama kila saa. Aliandika pia, na kupigia mstari, kwamba kabla ya kugawa diski ninakili kila kitu kwenye disketi.

Sikunakili. Nani wa kunifundisha kugawa? Mzee akiwagawia wanawe shamba, mpima hupitisha mpaka katikati ya chai na hakuna kichaka kinachong'olewa. Kesho yake wanawake wanachuma vilevile. Diski nayo nikaiona hivyo. Jumamosi moja, zahanati ikiwa imefungwa, nikafuta kile kipande kimoja kilichojaza diski yote, nikakata viwili, kikubwa cha Sista na kidogo cha Linux. Mashine ikaniuliza mara mbili kama nina hakika, maana kilichomo kitapotea. Nikajibu ndiyo mara mbili, mjinga mimi, na vipande vyote viwili vikaandaliwa upya.

Linux iliwaka vizuri. Kipande cha Sista kilikuwa kitupu. Nilitafuta jina hata moja, sikuliona.

Jumatatu nikamwambia radi imeipiga kompyuta. Huku kwetu radi haina wa kuihoji. Alipokaa kitini, nikaongeza kwamba nitaipeleka diski kwa fundi mmoja wa Nakuru, anayeweza kurudisha kila kitu. Diski nikaificha chini ya kitanda changu. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikwenda wiki tatu. Kanisani Sista aliniombea mbele ya watu, kwa taabu ninayoipata kwa ajili ya zahanati, nami nikaitikia amina. Tangu siku hiyo niliona haya hata kula chakula alichopika mama yangu.

Mwishowe nikaenda nyumbani kwake, nikaiweka diski mezani, nikasema yote, mpaka na kitanda.

Aliigeuzageuza mkononi. "Ile Jumamosi na Jumapili haikunyesha, Kiplangat," akasema. "Nilianika wimbi yangu ya uji nje siku zote mbili. Hiyo ya radi nilijua ni uongo."

Nikamwomba msamaha. Akairudisha diski mezani.

"Lakini huyo fundi nilimwamini. Ndiyo maana sikuanza kuzunguka kwa wamama kuwauliza upya, kabla hawajasahau. Nilikuwa nangoja fundi yako. Na mama Chepchumba tumemzika Jumanne."

Mama huyo alijifungulia watoto tisa mikononi mwa Sista, wa mwisho akiwa bado darasa la saba, na siku zao za kuzaliwa alizikumbuka yeye peke yake. Nilikuwa mmoja wa waliobeba jeneza.