Taa Tulizozisugua kwa Ndimu

Mwaka ule dada yangu alikuwa na mimba ya kwanza kule Kabambare alikoolewa, na kwetu, katika nyumba za Waislamu wa Kasongo, mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama wa binti. Binti hurudi kabla tumbo halijawa zito mno, hulala katika chumba alichokulia, na mama yake ndiye anayemwogesha mtoto kwa mara ya kwanza. Akizaliwa kwa wakwe, wakwe ndio wanaomwogesha na kumpa jina, na mama wa binti huja kutazama kama mgeni mwingine yeyote. Mama yangu alikuwa na binti huyo mmoja tu. Ilibidi tukamchukue upesi: mvua zilikuwa zinakaribia, na zikishaanza, barabara ya Kabambare ilikuwa inakatika mahali pengi.

Gari tulikuwa nalo. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa na duka la vitambaa, na alilinunua kwa Mgiriki mmoja mfanyabiashara aliyekuwa anarudi kwao. Lilikuwa la zamani hata kwa siku zile za Wabelgiji; lilikuwa limeshachoka mimi nikiwa bado natambaa. Injini yake ilikuwa nzima. Shida ilikuwa taa. Zile mbili za mbele zilitoa mwanga wa kibatari kinachokaribia kuisha mafuta. Nyuma palikuwa na taa moja nyekundu, nayo ilibidi uinamie uishike kwa mkono, ukisikia joto ndipo ujue imewaka. Mjomba alikuwa akiwaambia wateja wake, “Hii gari yangu inaona mbali kama mutu anaamuka sasa hivi.”

Gari la mtu mweusi halikuweza kwenda safari ndefu bila karatasi ya ajenti, Mbelgiji aliyesimamia barabara za teritware, yaani wilaya yetu. Yeye alikuwa na njia yake ya kupima taa mchana. Gari liliingizwa katika hangari, ghala la kuwekea pamba, milango ikafungwa hadi ndani pakawa giza, naye akaketi mwisho kabisa, kati ya marobota, na gazeti lake mkononi. Akiweza kusoma kwa mwanga wa taa za gari, alitia sahihi.

Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Nilikuwa nimemaliza shule ya sekondari, jambo lililokuwa adimu kwa vijana wa mtaa wetu, na mjomba hakujua Kifaransa. Siku ya kwanza ajenti alikunja gazeti lake, akasema hakuona hata kichwa cha habari. Kisha akaniuliza, kwa sauti isiyo mbaya, kama safari yetu ilikuwa ya haraka. Nikamweleza habari ya dada. Akafikiri kidogo, akasema basi angeweza kutupa karatasi ya mchana peke yake: tuondoke jua likichomoza, likizama tusimame kijiji chochote tulale, na kurudi vivyo hivyo. Taa tungezitengeneza baadaye.

Nilikuwa nimeshajigamba mbele ya watu wote wa barazani kwa mjomba kwamba taa zile nitazitengeneza mimi. Nikamjibu ajenti kwamba hakuna haja, keshokutwa zitakuwa tayari. Mjomba akaniuliza bwana amesema nini. Nikamwambia amesema tutengeneze taa. Lilikuwa neno la kweli, lakini nusu tu.

Nilizifungua mchana uleule. Nyuma ya kioo cha kila taa kuna bakuli ambalo kazi yake ni kuurusha mwanga mbele. Mabakuli yetu yalikuwa yamefifia, yamefanya weusi kama birika la chai. Nikayachukua hadi kwa mke wa mjomba, mwanamke aliyesifika mtaa mzima kwa sinia zake za shaba, za tangu bibi zake, enzi za misafara. Alizisugua kwa nusu ya ndimu iliyochovywa katika majivu yaliyochekechwa, nazo zikang'aa hadi ukajiona meno. Nikamuuliza kama anaweza kuyasafisha na haya.

“Leta hapa,” akasema. “Hata jua likichafuka, mimi nitalisugua.”

Akasugua, nami nikasugua la pili nikiwa nimechuchumaa kando yake. Weusi ulitoka, na chini yake ukatokea mng'ao kama wa dhahabu. Majirani walikuja kujitazama. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba mabakuli yalikuwa ya shaba na juu yake palikuwa na utando mwembamba wa fedha, kwamba utando huo ndio uliorusha mwanga, na kwamba sisi tulikuwa tumeutoa wote na kuumwaga pamoja na maji ya ndimu.

Tukarudi hangarini. Mjomba akawasha. Mwanga ukatoka wa manjano, ukafika marobota ya kwanza ukaishia hapo. Ajenti hakufungua hata gazeti. Alisema juzi tulimletea mishumaa miwili, leo tumemletea viini viwili vya mayai. Ile ndiyo ilikuwa saa ya kuomba karatasi ya mchana. Mjomba alikuwa amesimama begani kwangu, na ningeomba, angetaka kujua naomba kitu gani na nimekijulia wapi. Sikuomba. Kesho yake ajenti akaondoka kwenda kukagua mashamba ya pamba vijijini, na mtu mwingine wa kutia sahihi hakuwepo.

Tangu siku ile sikuweza kukaa. Nikikaa barazani, naona mama anapita. Alikuwa amefunga furushi la kumpokelea mtoto: kanga zilizolainika kwa kufuliwa, mafuta, majani makavu ya kuchemshia maji ya kuogeshea. Alilifunga, akalifungua, akalianika juani, akalifunga tena. Alikwenda hadi kwenye gari, akalizunguka, akarudi. Kila aliyetoka upande wa Kabambare alimsimamisha barabarani amuulize. Mimi usiku nilisikiliza mabati kama mvua imeanza, na mchana nilitazama barabara kama ajenti amerudi.

Nikasikia habari ya lori lililopinduka karibu na Lusangi, lililoachwa pale hadi nyasi zikalifunika. Nikaenda kwa baiskeli. Mwenyewe, mchuuzi wa hapo, alikubali nichukue nitakacho kwa kipande cha kitambaa cha dukani. Vioo vya taa zake vilikuwa vimevunjika, lakini mabakuli yalikuwa yametazama chini muda wote ule, mvua haikuyafikia. Yalikuwa meupe kama maji. Sikuyagusa hata kwa kidole. Niliyafunga ndani ya shati langu, nikaendesha hadi nyumbani kifua wazi, watoto wakinizomea njia nzima.

Yalikuwa madogo kuliko yetu, nikayapigia vibati pembeni yashike. Nilipowasha, mwanga ulikuwa mweupe lakini bado mnyonge. Ndipo nilipoanza kuufuata waya mmojammoja, kwa hasira, nikilala chini ya gari na kutoka, nikilala na kutoka. Mahali waya ulipofungwa kwenye mwili wa gari ili umeme upate njia ya kurudi kwenye betri, palikuwa na kutu tupu. Shuleni nilikuwa nimekariri vizuri jinsi umeme unavyotoka. Habari ya kurudi kwake nilikuwa nimeisahau. Nikakwangua kwa kisu hadi chuma kikawa cheupe, nikabadilisha waya uliooza, nikakaza. Mwanga ukaruka hadi ukuta wa jirani. Ile ya nyuma nikaikwangua vivyo hivyo, kisha nikaipaka ndani chokaa ya kupakia nyumba, na wekundu wake ukaonekana hata jua likiwaka.

Kutu ile ndiyo iliyokuwa sehemu kubwa ya shida tangu mwanzo. Ningeanza na kisu, pengine ndimu zisingehitajika.

Ajenti aliporudi alisoma gazeti kwa sauti, mstari mzima, akatia sahihi. Akaniuliza kama dada yangu bado hajajifungua. Nikasema sijui. Swali hilo sikumtafsiria mjomba.

Tuliondoka asubuhi iliyofuata, mjomba kwenye usukani, mimi kando yake, mama nyuma na furushi lake mapajani. Mvua zilikuwa zimeanza. Katika mianzi na ukungu tuliwasha taa mchana, na kweli zilitusaidia. Mjomba alizisifu. Mama aliuliza kila tulipovuka kijiji kama bado ni mbali. Tulikwama katika matope, tukasukumwa, tukakwama tena, tukalala njiani, na tukafika Kabambare siku ya pili, jua likiwa limeinama.

Kabla hatujashuka nilisikia harufu ya majani yanayochemka. Mama aliisikia pia. Akabaki ameshika mlango wa gari.

Mama mkwe wa dada akatoka, akatupokea kwa heshima zote, akasema tumepata mgeni, msichana, na jina ameshapewa. Lilikuwa jina la marehemu mama yake yeye. Ndani, dada alikuwa amejilaza kwa ubavu, amechoka, lakini ulimi wake ulikuwa uleule.

“Mumekawia,” akasema. “Gari ilikuwa na ugonjwa gani?”

“Taa,” mjomba akajibu.

“Taa? Mujomba, jua iko kila siku. Hamungekuja muchana?”

Mjomba akaeleza kwamba mzungu alikataa kabisa, akanigeukia nimalizie. Mama naye akanitazama.

“Hakukataa,” nikasema. “Alitaka kutupa karatasi ya muchana. Ni mimi nilikataa.”

“Sababu gani?” dada akauliza.

“Nilitaka taa ziwake.”

“Na zinawaka?”

“Zinawaka.”

“Basi enda uziwashe, kaka, mama akutazame muzuri.”

Hakuna aliyecheka. Mjomba alitoka nje, akasimama kando ya gari lake. Kwa miaka iliyofuata alizungumza nami kwa upole, lakini hakunipeleka tena kumkalimania. Nao watoto wengine wa dada walizaliwa hukohuko Kabambare, kwa kuwa njia ya wa kwanza ndiyo waliyoifuata, na mama hakuwa tena na neno la kuombea.

Jioni ile beseni liliwekwa katikati ya chumba. Mama mkwe akakaa kwenye kigoda, akamlaza mtoto juu ya miguu yake, akaanza kummwagia maji. Mama yangu alikuwa amesimama mlangoni, furushi bado limefungwa, mikono ameikumbatia kifuani kama mtu anayesikia baridi. Maji yalimwagika, mtoto akalia, na hakuna aliyemwambia asogee au akae. Mimi nilikuwa nyuma yake, nikaona bega lake linakwenda mbele na kurudi, mbele na kurudi.

Dada akajiinua kwa kiwiko.

“Mama,” akasema akimtazama mama pale mlangoni, “mushike kichwa.”

Mama mkwe alisita, maji yakichuruzika mkononi mwake. Kisha akasogeza kigoda kidogo. Mama akaliweka furushi chini, akakunja mikono ya nguo yake, akapiga magoti upande ule uliobaki.