Sahani ya Plau

Mshona magunia alikuwa mjane wa miaka minne siku alipomwomba mkwewe, mume wa binti yake, kifaa cha kutafutia chuma ardhini. Mkwewe alikuwa fundi wa mabomba ya maji, na kifaa hicho alikitumia kusaka mabomba yaliyofukiwa zamani.

"Mama, unatafuta nini?"

"Jina la baba mkwe wako. Limefukiwa kule bondeni."

Marehemu mumewe alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba la kampuni kwa miaka kumi na tisa. Msimu mmoja wa mvua, akilima bonde lenye matope, plau ilirudi karakanani na sahani mbili badala ya tatu. Yaani yale maduara ya chuma, mapana kama sinia, yanayopasua udongo. Akasema bolti zimelegea, sahani imedondoka na matope yameimeza. Wakachimbua kwa majembe siku mbili, wapi! Nyapara akasema chuma hakina miguu; kama hakipo shambani, basi kipo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Dereva akafukuzwa. Hakupelekwa mahakamani, na hilo ndilo lililommaliza, maana pasipo kesi hakuna wa kukwambia huna hatia.

Akaishia kuchimba visima vya watu. Usukani hakuushika tena. Shuleni binti yao akabandikwa jina la Sahani, na likamganda kama kupe.

Mshona magunia, aliyekuwa akishona magunia yaliyochanika katika ghala la shamba lilelile, alimtetea mumewe kwa mdomo mpana. Mwanamke akinong'ona, naye anasimama mikono kiunoni. Lakini nyumbani, jioni moja sufuria ikiwa tupu, uvumilivu ulimwishia.

"Hebu niambie mimi mkeo. Uliiuza wapi? Lisemwalo lipo."

Dereva alimtazama tu. Akavaa viatu, akatoka. Tangu siku ile neno trekta halikutoka kinywani mwake, mpaka anazikwa.

Sasa kampuni ilikuwa imeuza shamba, bonde likakatwa viwanja, na makatapila yangefika kabla mwezi haujaisha. Kila asubuhi mshona magunia alishuka na kifaa chake, akikipitisha juu ya majani kama mtu anayefagia asichokiona. Kikilia, anapiga magoti na kuchimba. Alipata jino la haro ya kuvunjia mabonge ya udongo, pingili za mnyororo, kiti cha mashine ya kupandia kilichooza nusu. Kila kitu alikipangusa kwa upindo wa kanga, akakiweka pembeni.

"Bibi, ukipata dhahabu usitusahau!" walimtania vibarua waliokuwa wakipima viwanja.

"Nikiipata nitawanunulia adabu," akawajibu, nao wakaangua kicheko.

Siku ya tisa, karibu na mfereji, kifaa kililia bila kukoma. Alichimba hadi kiwiko. Jembe likagonga kitu kipana, naye akaendelea kwa vidole. Sahani ilipotoka, ilikuwa nzito kuliko alivyodhani, kutu imeila ukingo. Aliisugua katikati kwa mchanga na maji ya mfereji mpaka namba ya shamba ikajitokeza, na chini yake namba ya plau. Alikaa palepale kwenye matope. Vibarua walidhani ameumia, wakamkimbilia.

Kesho yake mkwewe aliibeba sahani ndani ya gunia mpaka kwa nyapara, ambaye sasa alikuwa mzee wa kushikwa mkono akitaka kusimama. Mshona magunia aliiweka miguuni pake. Mzee aliinama, akapapasa namba, kisha akaisoma kwa sauti.

"Shemeji, haya mambo ni ya zamani," akasema. "Sasa unataka nifanye nini?"

"Useme."

"Niseme nini?"

"Unakijua."

Mzee aliipapasa sahani tena. "Hakuiba," akasema, tena kwa sauti ya chini hata mkwe ikabidi asogeze sikio. Chumbani walikuwa watu watatu, na maneno yale hayakuvuka mlango.

Njiani mkwe alifurahi, akasema sasa roho itatulia. Mshona magunia aliongeza mwendo.

Jioni alimkuta binti yake jikoni akichambua mchele. Akavuta kigoda, akakaa, akamweleza kila kitu, mpaka lile swali alilomuuliza dereva siku sufuria ilipokuwa tupu. Hakuwahi kumwambia mtu.

"Nyapara alimwita mwizi mara moja," akasema. "Mimi nililala naye miaka ishirini na mbili nikiwa na shaka."

Binti aliacha vidole ndani ya mchele.

"Mama, baba alijua."

"Alijua nini?"

"Kwamba humwamini. Niliwahi kumuuliza mbona hazungumzi nawe habari za kazi. Akasema, 'Mama yako amechoka, mwache. Usimuulize.'"

Mshona magunia alifunika uso kwa kanga. Alilia kwa sauti, jinsi ambavyo hakulia hata msibani, na binti akasogeza ungo pembeni akaja kukaa sakafuni karibu naye. Mkwe alichungulia mlangoni, akaona, akarudi nyuma polepole. Mchele haukupikwa siku ile.

Wiki iliyofuata makatapila yalishuka bondeni. Yeye hakwenda kutazama.