Mama Kanji na Fundi Njiani

Katika chumba cha kufulia cha hospitali, jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limeshasahaulika. Kuanzia wafagizi hadi daktari mkuu, wote walimwita Mama Kanji, kwa sababu sare zilizopita mikononi mwake zilisimama zenyewe kama zina mtu ndani. Alikulia kazini humo, akazeekea humo, kati ya mashine zinazonguruma na mvuke unaogandisha nguo mgongoni, akikunja mashuka ya watu asiowajua. Dirisha lilikuwa moja, juu sana, nalo halikuonyesha chochote isipokuwa kipande cha mbingu. Akiwa anapiga pasi alikuwa akikiangalia kile kipande na kujiuliza kinaendelea mpaka wapi. Hakumwambia mtu. Angesema nini? Mtu mzima, na wajukuu juu.

Mumewe alikuwa mpaka rangi, mtu mrefu, mwingi wa mizaha, na mtaani walimwita Fundi tu, kana kwamba mafundi wengine hawakuwepo. Siku moja alikuwa anapaka ukuta wa ghorofa, ngazi ikamteleza. Alivunjika nyonga. Wodini alilazwa kwenye mashuka aliyoyafua mkewe mwenyewe, akawaambia wauguzi kwamba nyumbani hajawahi kutandikiwa vizuri vile. Madaktari walimuunga kwa chuma, akatoka na mguu mmoja mfupi kidogo kuliko mwenzake, na pia na jambo moja ambalo picha za eksirei hazikulionyesha: hakutaka tena kuona ngazi. Zake alizigawa zote. Taa ikiungua, Mama Kanji ndiye aliyepanda juu ya meza kuibadilisha, na Fundi alitoka uani mpaka kazi iishe.

Mtaalamu wa mazoezi alisema dawa ya ule mguu ni kutembea. Mama Kanji, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amestaafu, aliyapokea maneno hayo kama ruhusa. Wakaanza kwa kuzunguka nyumba. Wakafika sokoni, kisha wakapanda kilima kilicho nyuma ya tangi la maji la mji, Fundi akilalamika njia nzima kwamba hata punda hupewa siku ya kupumzika. Walipofika juu waliona kwamba upande wa pili kuna vilima vingine, na nyuma yake mlima wenyewe, wa buluu. Fundi akauliza ule nao watu huupandia wapi.

Binti yao mkubwa, mwalimu, aliposikia kwamba wanataka kuupanda mlima alikuja siku hiyohiyo, na uso ule anaowatolea wanafunzi waliochelewa. Alisema mengi, yote ya busara: umri, baridi, ule mguu. Mwisho akasema, "Mama, baba akija kwangu ghorofani anapumzika mara mbili njiani."

"Kwako anapumzika kwa sababu anajua huko juu kuna kochi na televisheni tu," alijibu Mama Kanji. "Havikimbiliwi."

Fundi alikohoa ili asicheke. Wakaenda.

Aliyewaongoza mlimani alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, asiyependa maneno. Aliwapitisha kwenye msitu ambao miti yake ilikuwa na ndevu za kuvu na maji yalidondoka hata pasipo mvua, kisha kwenye nyika ya vichaka vifupi ambako ukungu ulipita katikati yao kama mgeni asiyebisha hodi. Fundi alikwenda na fimbo yake, hatua moja fupi, moja ndefu. Kundi la vijana liliwapita likiimba. Kesho yake wakalikuta limekaa kando ya njia, kila mmoja ameshika kichwa, wimbo umewaishia. Fundi aliwapa pole, akamwambia mkewe kwa sauti ya chini kwamba mwenda pole hajikwai, na siku hiyo hakulalamika tena.

Karibu na kilele njia iliishia kwenye ukuta wa jiwe. Ukutani palikuwa na ngazi ya chuma.

Mama Kanji hakujua kama itakuwepo, na alipomgeukia mumewe aliona uso wake umesawijika. Kiongozi alielewa upesi. Alisema si aibu, wengi huishia hapo, na karibu yote ya kuonekana huonekana kutoka hapo. Kisha akaenda kukaa mbali nao.

"Nenda wewe," Fundi alisema. "Utanisimulia."

Mama Kanji aliketi karibu naye juu ya jiwe. Alitafuta neno la kumtia moyo asilipate, basi akasema ukweli. "Mimi nimesimuliwa vya kutosha. Tukipanda tutapanda wote, na tukirudi tutarudi wote. Na tukirudi, sitakulaumu leo wala kesho."

Wakakaa. Upepo uliwapiga, mawingu yakaja na kuondoka. Mwishowe Fundi aliinuka, akaisogelea ile ngazi kama mtu anayemsogelea mbwa asiyemjua, akakwangua kipandio kimoja kwa ukucha.

"Aliyepaka hii hakupiga msasa," alisema. "Kapaka juu ya kutu."

Mama Kanji alikaza moyo asionyeshe furaha. "Na hicho kinachofuata?"

"Hicho nacho hivyohivyo. Ona, inabambuka yote."

"Na kile cha juu?"

Ili kukiona cha juu ilibidi apande. Akapanda, akimsema yule fundi asiyemfahamu kwa kila kipandio: mvivu huyu, kaharibu jina letu, hata rangi ya chini hakuweka. Mama Kanji alimfuata nyuma, akimuuliza juu ya kila chuma, mpaka sauti ya mumewe ilipokatika ghafla. Alikuwa amefika. Alikuwa amesimama kileleni, mawingu chini ya miguu yake, machozi yanamtiririka, na wala hakuyafuta. Mbali kabisa, yalikoishia mawingu, bahari iling'aa na visiwa vilionekana kama makombo mezani.

"Kule je?" Fundi aliuliza.

Walipofika huko visiwani, zamu ya kuogopa ikawa ya Mama Kanji. Mikono yake ilikuwa majini maisha yake yote, lakini mwisho kwenye viwiko. Utotoni mto ulitaka kumchukua, na tangu hapo maji yaliyozidi magoti alimwachia mwenye nayo. Siku za kwanza alikaa mchangani amekunja miguu, akiangalia wanawake wakianika mwani na mumewe akielea kama gogo, tumbo juu. Mwenye nyumba ya wageni aliwaambia kwamba kisiwa kidogo cha ng'ambo wageni hukiendea kwa mashua, ila wenyeji, maji yakipwa, huvuka kwa miguu wakifuata vijiti vilivyochomekwa kuonyesha njia. Mama Kanji aliwaza kutwa nzima, kisha akasema anataka kuvuka.

Maji yalianza kwenye vifundo, yakaja magotini. Katikati, penye mkondo, yalifika kifuani, na mchanga ukawa unamponyoka chini ya nyayo. Alisimama.

Fundi, aliyetangulia, aligeuka. "Maji umeshayavulia nguo, mke wangu," alisema taratibu, akanyoosha mkono na kuanza kumrudia.

Ndipo Mama Kanji alipoona jambo ambalo hakulitarajia. Majini mumewe hakuchechemea. Alikuja amenyooka, hatua zote sawa, kama yule kijana aliyekuja kumposa. Alimtazama hata akasahau kuogopa, na alipokumbuka, mkono wake ulikuwa tayari ndani ya mkono wa Fundi na maji yamerudi kiunoni.

Ng'ambo, mwenye duka aliwauliza wamekuja na mashua gani, maana ya leo haijafika.

"Tumekuja kwa miguu," Mama Kanji alijibu, nguo zikichuruzika maji, na shingo ameinyoosha kama malkia.

Tangu hapo wameshapita njia nyingi za milima na visiwa kadhaa. Likizo iliyofuata binti yao aliomba aende nao mlimani, ili awe karibu lolote likitokea. Kabla hawajaumaliza msitu aliuliza kama wanaweza kupumzika kidogo. Mama Kanji alimpa maji, Fundi akampa fimbo, wakamsubiri.